Granola ya Mama Mkwe

Mimi ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni kuvusha mizigo ya watu mpakani hapa Tunduma, na nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba nikiona sheria yoyote, hata ile iliyobandikwa kwenye mlango wa choo cha stendi, natafuta kwanza mahali ilipoacha upenyo. Sisemi kwa kujisifu. Ni ugonjwa wa kazi, mafundi ujenzi nao wana migongo yao inayouma.

Ndivyo nilivyoanza kutengeneza granola.

Mke wangu ni mtu wa Iyula, kule Mbozi, kwenye kahawa. Kwao ni watu wa kanisa, wamesoma, harusi zao wanarusha picha kwenye simu kabla bibi harusi hajavua viatu. Ila kwenye suala la mkwe hawana mchezo. Katika ukoo wao mwanaume haketi na mama mkwe wake. Hamtazami usoni. Hapishani naye njiani. Akimwona anakuja, anaingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Hamsemeshi moja kwa moja, maneno yanapitishwa kwa mtu wa tatu. Na kubwa kuliko yote, mwanaume hali mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe hali mbele yake, wala habari za kula hazitajwi baina yao kwa njia yoyote ile.

Wanasema ni heshima. Mimi ni Mnamwanga wa Momba, kwetu nako kuna mambo yetu, kwa hiyo sikubisha. Nilipooa niliambiwa kwamba kifungo hiki kina ufunguo wake. Siku mama mkwe atakapopenda mwenyewe, atamtazama mkwe wake na kumwambia neno moja: kula. Wakishakula chombo kimoja, mkwe amefunguliwa. Anakuwa mtoto wa nyumba, anakaa anapotaka, anaomba hata chumvi. Tarehe haipangwi na mtu. Shemeji aliyemwoa mdogo wa mke wangu alifunguliwa kabla mtoto wake wa kwanza hajaota meno. Mimi binti yangu alikuwa ameshaolewa, na bado nilikuwa naingia kwenye mahindi.

Iliniuma. Sikumwambia mtu, maana mwanaume mwenye mvi hawezi kwenda kulalamika kwamba mama mkwe wake hajamwambia ale. Lakini iliniuma.

Mama mkwe alipopatikana na ugonjwa wa sukari tukamleta Tunduma akae kwetu, awe karibu na kliniki. Mke wangu akawa ndiye mtu wa tatu. Asubuhi anampikia uji wa ulezi, anahakikisha ameumaliza, anampa kidonge. Mimi nakunywa chai yangu sebuleni mlango umefungwa. Tuliishi hivyo vizuri tu, watu wawili katika nyumba moja wanaofahamiana kwa vikohozi.

Kisha binti yetu akajifungua kule Mbeya, na kama ilivyo ada, mama yake akatakiwa aende akamlee mzazi na mtoto. Msichana wa kazi alikuwa ameondoka kwenda kuolewa, na aliyeahidiwa kuja alikuwa bado anaahidiwa. Nikamsindikiza mke wangu stendi. Akiwa ameshaketi kwenye basi alitoa kichwa dirishani akasema, "Mama ale kwanza, ndipo ameze dawa. Akimeza tumbo tupu ataanguka. Mengine yote yakikushinda, hilo lisikushinde."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Basi likaondoka, nikabaki nimesimama na jambo moja tu la kufanya, na jambo lenyewe nimekatazwa hata kulitaja.

Siku ya kwanza ilionekana wazi kwamba tunahitaji mtu wa tatu. Jirani yetu ni mama mfanyabiashara, alfajiri anavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na harudi mpaka jioni. Waliobaki ni kuku. Mke wangu anafuga kuku wa kienyeji uani, na mama mkwe ndiye aliyetatua tatizo. Nikiwa jikoni nilimsikia nje akisema kwa sauti ya kutosha, na ile lafudhi yao ya kuvuta maneno, "Kuku, mwambieni baba wa watoto, maji yamekwisha kwenye pipa."

Nikajibu kupitia dirishani, uso nimeugeuzia ukutani, "Kuku, mwambieni mama, muuza maji nimeshampigia, anakuja na madumu."

Kuku hawakufikisha kitu, ila ujumbe ulifika. Tukaendelea hivyo: maji, mkaa, wageni, mvua ya kuanua nguo. Kula ndiko kulikokuwa hakupiti, hata kwa kuku.

Nilijaribu uji. Nilipika nikauacha kwenye kigoda mlangoni kwake, nikaondoka nikikohoa. Niliporudi ulikuwa vilevile, umefanya ngozi juu. Ulikuwa na madonge, nakubali, lakini tatizo halikuwa madonge. Chakula cha moto kilichotoka mkononi mwa mkwe kikawekwa mlangoni ni mlo, na mlo hauwezi kupokewa. Angekufa na njaa akiwa na adabu zake. Siku hiyo alijipikia mwenyewe mchana nilipokwenda kazini, na jioni nilikuta ameniachia ugali na maharage vimefunikwa mezani, yeye ameshaingia chumbani. Yaani yeye alikuwa ananilisha bila shida. Chakula chake kilikuwa na njia ya kupita, changu hakina.

Ndipo nikakutana na granola. Kulikuwa na dereva wa lori, Mzambia, mzigo wake umekwama kwa ajili ya karatasi moja iliyogongwa muhuri mahali pasipotakiwa. Alikuwa anaishi kwenye kabini. Nilimpelekea habari zake asubuhi nikamkuta anakula vitu vikavu kutoka kwenye chupa ya kioo, anatafuna kama mbuzi.

"Muli shani, mudala," akaniambia, yaani habari za asubuhi, mzee. Kisha akanipa nionje. Zilikuwa oti, zile punje bapa za maboksi, pamoja na karanga, mbegu na asali, vimekaangwa pamoja mpaka vikakauka. Nikamuuliza ni chakula gani hiki.

"Granola. Mke wangu ananifungia. Ukila kavu, ni vitafunwa vya njiani. Ukitia maziwa, ndiyo chakula cha asubuhi."

Nilisimama pale kwenye vumbi la malori, bado natafuna. Bidhaa moja, majina mawili. Ikiwa kavu haiwi mlo; ni kama karanga tu, na karanga mkwe hakukatazwa. Karanga zinaachwa kwenye rafu, anayepita anachota. Kama mama mkwe akiichota mwenyewe akaipeleka chumbani akaitilia maziwa mwenyewe, hapo mimi sipo. Nimeshavusha mizigo migumu zaidi ya huo. Karatasi ya yule dereva niliimaliza siku hiyohiyo, na nadhani mpaka leo hajui kwa nini.

Oti nilizipata dukani Nakonde. Asali nilikuwa nayo, ile nyeusi ya porini ya kwetu Momba, ambayo wazee wetu wanasema haimdhuru hata mgonjwa wa sukari. Karanga, ufuta na mbegu za maboga nikanunua sokoni. Mbegu za alizeti nilizikuta kwenye mfuko chini ya rafu jikoni, nikashukuru Mungu kwamba nina mke anayeweka akiba.

Oveni hatuna. Kuna sufuria kubwa, jiko la mkaa, na mfuniko wa bati ambao unawekewa moto juu, kama watu wanavyooka keki za kipaimara. Mara ya kwanza simu iliita, mteja akanieleza shida yake kwa kirefu, na nilipogeuka jikoni hapakuonekana kwa moshi. Nje nilimsikia mama mkwe akiuhamisha mkeka wake upande wa pili wa uwanja, hakusema kitu, hata kwa kuku. Mara ya pili nikaongeza asali ili kulipia makosa. Vikashikana vyote vikawa kitu kimoja cha mduara, nikakivunja kwa nyundo. Mara ya tatu nikaelewa kwamba ile kazi haitaki akili, inataka mtu asimame. Unageuza kwa mwiko, unafunika, unahesabu pumzi zako, unageuza tena. Ukiondoka inakukomoa. Ilitoka rangi ya kahawa iliyokaangwa kidogo, inanukia mpaka barabarani.

Kuhusu mahali pa kuiweka nilifikiri sana. Nikiweka bakuli na kijiko, tayari ni mlo. Nikiandika karatasi, nimetaja chakula. Nikaona kwenye rafu ya mlango wa uani, anapopita kila asubuhi, kuna kopo kubwa la bluu lenye mfuniko, limeoshwa, halina kitu. Nikajaza, nikaacha mfuniko wazi kidogo ili harufu ifanye kazi yake. Maziwa nikayaacha kwenye friji, nikiamini mtu mzima hahitaji kuonyeshwa maziwa.

Jioni ile niliporudi, kopo lilikuwa limepungua.

Siwezi kueleza furaha yangu bila kujidhalilisha. Niliangalia mara mbili. Nikampigia mke wangu Mbeya nikamwambia, "Mama anakula." Akauliza anakula nini, nikamwambia granola. Akasema kama anakula basi Mungu mkubwa. Yeye mwenyewe alipompigia mama yake, mama alijibu, "Nipo salama, wewe lea mtoto." Basi tukatulia.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa granola. Karibu kila asubuhi nipo jikoni kabla jua halijatoka vizuri, nageuza, maana kopo lilikuwa linaisha haraka ajabu. Nikamsifu moyoni: mwanamke yule ni mwembamba, lakini kumbe akipata kitu anachokipenda anakula. Siku moja nimesimama na mwiko, nikamsikia nje anasema kwa upole sana, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kula. Kula taratibu, kipo kingi. Mwenyewe katia mpaka asali."

Nilibaki nimeshika mwiko. Wazee wengi wanajisemesha, nilijua anajihimiza mwenyewe. Lakini lile neno nilikuwa nalisubiri tangu ujana wangu, na sasa lilikuwa linasemwa dirishani kwangu, hata kama si mimi niliyeambiwa. Nikaongeza karanga.

Mambo mengine niliyaona bila kuyatazama. Kuku walianza kutaga sana. Nikadhani ni hali ya hewa. Pumba zao zilikuwa zinabaki kwenye chombo zinaota ukungu. Jogoo akawa ananifuata nikitoka jikoni, ananisindikiza mpaka getini, na nilikuwa nimeshaanza kumheshimu. Kuhusu mama mkwe, nilikohoa asubuhi na yeye akakohoa, ila kikohozi chake kilikuwa kinapungua nguvu. Hilo nalo nikadhani ni hali ya hewa.

Asubuhi moja nikasikia kuku wanapiga kelele isiyo ya kawaida, na kopo likilia kwenye sementi. Nikachungulia. Mama mkwe alikuwa amelala kifudifudi mbele ya banda, kanga imemtoka begani, kopo la bluu limemwagika pembeni yake, na kuku wote wanakula granola yangu kumzunguka.

Nilikimbia, halafu nikasimama. Nasema kweli, nilisimama, hatua kadhaa kutoka alipolala, kwa sababu miguu ilikuwa imezoea kusimama hapo. Nikasema, "Kuku, muulizeni mama kama anaumwa." Kuku wakaendelea kula. Basi nikapiga magoti, nikamgeuza, nikambeba. Alikuwa mwepesi kiasi cha kunitia hofu. Bajaji ya kwanza iliyopita ilikuwa na abiria. Walishuka bila kuulizwa.

Zahanati walimpima wakasema sukari imeshuka vibaya. Wakampa ya kunywa, wakamtundikia dripu, akafumbua macho, akaniona, akageuzia uso ukutani. Mimi nikageuzia uso mlangoni. Nesi, mama mmoja mnene wa kutoka Vwawa, akasimama katikati yetu na daftari.

"Mgonjwa amekula nini asubuhi?"

Nikajibu kwa kujiamini, "Oti, karanga, ufuta, mbegu za maboga, alizeti na asali. Leo na siku zote. Anakula sana."

Kutoka ukutani sauti ndogo ikasema, "Nesi, mwambie baba wa watoto, kile ni chakula cha kuku."

Chakula cha kuku hakikukatazwa kutajwa. Nikaona nafasi imefunguka nikaitumia. "Nesi, mwambie mama, kile si cha kuku."

"Nesi, mwambie, kipo kwenye kopo la kuku. Kina alizeti ya kuku, na maganda yake. Kila siku mama wa watoto analisha kwa kopo lile. Mwenyewe kakijaza, kakiweka kwenye mlango wa uani, hakusema kitu. Nikajua kaniachia kazi ya kulisha. Nikasema anapenda kuku huyu mtu, mpaka anawakaangia."

Nesi alimtazama yeye, akanitazama mimi, akashusha daftari. Nadhani kwao nako wanaingia kwenye mahindi.

"Na wewe bibi, ulikuwa unakula nini?"

"Chai ya rangi."

"Kwa nini hukujipikia uji?"

"Jikoni kulikuwa na mwenyewe. Kila asubuhi yupo. Siwezi kuingia. Dawa mliniambia saa moja, nikawa nameza saa moja."

Yaani kila asubuhi niliyosimama pale kumtengenezea chakula ndiyo ilikuwa inamzuia asile. Nesi hakusema neno la ukali. Alisema tu kwamba kesho huyu mama ale kwanza ndipo ameze, na kwamba akirudishwa tena katika hali ile asingependa kuwa zamu. Kuuliza si ujinga, akaongeza, bila kusema anamwambia nani.

Mke wangu alipopiga simu nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kopo la bluu?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Na alizeti umeitoa wapi?" Nikasema chini ya rafu. Kwa nyuma nikasikia mjukuu wangu akilia. Kisha akasema atakuwa njiani kesho kutwa, hawezi kumwacha mzazi ghafla, na mpaka hapo mama asiondoke.

Maana mama alikuwa ameamua kuondoka. Tuliporudi nyumbani jioni aliwaambia kuku, na mimi nikiwa nyuma ya ukuta, kwamba kesho asubuhi anatafuta gari la Iyula. Mama mkwe aliyebebwa na mkwe wake mbele za watu hawezi kubaki katika nyumba yake. Aibu hiyo haina pa kuiweka. Kule Iyula nyumba yake imefungwa, anakaa peke yake, jirani yuko ng'ambo ya shamba la kahawa. Akianguka asubuhi ataonwa na atakayekuja kuazima jembe. Niliogopa. Sikumwogopa mke wangu, ingawa na yeye nilimwogopa kidogo. Niliogopa kwamba yule mama atakufa kwa sababu watu wawili wenye adabu walishindwa kusema neno uji.

Asubuhi yake sikutafuta upenyo. Sheria nilikuwa nimeshaivunja kwa mikono miwili, na sheria iliyovunjika haina upenyo wa kupitia, ni tundu tupu. Nilichukua bakuli la bati lenye maua, lile la wageni, nikalijaza granola iliyobaki kwenye sufuria, nikamimina maziwa mpaka juu, nikatia vijiko viwili. Nikaenda kukaa kwenye ngazi mbele ya mlango wa chumba chake, mchana kweupe, nikaanza kula.

Sikujua nafanya nini. Nilijua tu kwamba hawezi kutoka bila kunipita.

Mlango ukafunguka. Alikuwa amevaa koti la safari na amebeba fungu lake la nguo. Akaniona mkwe wake amekaa, hajageuza uso, hajakimbia, anatafuna. Mambo ya namna hiyo hajapata kuyaona. Kuku nao walikuwa wamekuja, wakajipanga mbele ya ngazi, wakilitazama bakuli.

Alisimama sana. Mimi nikaendelea kutafuna, kwa sababu kusema kweli ile alizeti haimezeki; maganda yanakaa mdomoni kama kucha. Ndipo nilipoelewa kwa nini hakuna binadamu ambaye angefikiri ni chakula cha binadamu.

"Kuku," akasema hatimaye, "mwambieni baba wa watoto anakula chakula chenu."

Sikujibu. Mdomo ulikuwa umejaa, na sikuwa tena na hamu ya kuongea na kuku.

Nikasikia fungu la nguo likiwekwa chini. Akaketi upande wa pili wa bakuli, polepole, ameshika goti. Akachukua kijiko cha pili. Kisha akanitazama, na mimi nikamtazama, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe. Ana macho ya mke wangu yaleyale. Sikuwa najua yametoka kwake.

"Kula, mwanangu," akasema. "Ila maganda uteme."

Nikatema. Halafu machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na kijiko na mwingine ulikuwa na maganda. Yeye akajifanya anawafukuza kuku. Akachota, akatafuna kwa muda, akatema, akachota tena.

Nikapata ujasiri wa kuuliza, moja kwa moja, bila mtu wa kati. "Mama, kwa nini mimi ulichelewa kunifungua?"

Akanishangaa. "Mimi nichelewe? Kila mwaka mkija Iyula nilikuwa natengeneza chakula, natoka njiani kukutafuta nikwambie. Kila nikitokea, umeshaingia kwenye mahindi."

Akanisogezea bakuli upande wangu, nikalirudisha upande wake. Tulikula bila haraka, tukitema maganda kwa kuku, mpaka yakaonekana maua ya chini ya bakuli. Ndipo akafungua kitambaa chake, akatoa kidonge, akameza.